ADABU YA KUZURU MAGOFU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu,

Mtume (S.A.W.) alipopita Al-Hijr, kwenye makao ya Thamud, akiwa njiani kwenda Tabuk, aliwakataza Masahaba kuingia humo ila wakiwa wanalia. Magofu, basi, si mahali pa kucheka, bali ni mahali pa mazingatio.

Natuyatazame magofu ya zama zilizo karibu nasi. Huko Ufaransa kipo kijiji kiitwacho Oradour-sur-Glane. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Kijerumani wa kikosi cha SS walikizingira. Wanaume wakapigwa risasi mabandani. Wanawake na watoto wakafungiwa kanisani, wakateketezwa. Waliouawa ni watu 643. Baada ya vita serikali iliamua magofu yahifadhiwe, na kijiji kipya kikajengwa kando yake. Hadi leo mwenye kuzuru huona kuta zisizo na mapaa, magari yaliyoliwa na kutu, na vyerehani visivyo na washonaji.

Huenda kijana akauliza: wale hawakuwa Waislamu, yatuhusu nini? Twamjibu: Qurani Tukufu imefanya kuiua nafsi moja pasi na haki kuwa ni kama kuwaua watu wote, wala haikutaja nafsi hiyo ni ya dini gani. Na Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwausia majeshi yake wasiue mwanamke, mtoto wala mzee.

Lakini liko zito zaidi. Mwaka 1953 askari 21 walishitakiwa mjini Bordeaux. Kumi na watatu kati yao walikuwa Wafaransa wa Alsace walioingizwa katika jeshi lile kwa nguvu. Walihukumiwa, na mwezi ule ule Bunge likawasamehe. Sisi hatuhukumu yaliyomo nyoyoni mwao. Tuzihesabu nafsi zetu. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Je, mtaani ikipigwa kelele ya "mwizi!", nasi tukaokota jiwe kwa kuwa wenzetu wameokota, tutajibu nini kesho mbele ya Mola wetu?

Basi mwenye kuzuru magofu asiwalilie waliouawa tu. Aulilie pia moyo wake, usije ukawa miongoni mwa wauaji.

Ewe Mola wetu, tuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.