SIKU MOJA YA BARIDI MJINI BERLIN

(Hotuba iliyotolewa kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimepewa dakika ishirini, na Ndugu Katibu amenionya kwamba nyuma yangu kuna pilau. Kwa hiyo sitaeleza safari yangu yote ya Ujerumani. Nitaeleza siku moja tu ya mwezi wa Januari, niliyotembezwa mji wa Berlin na rafiki yangu. Wa rika langu mnamjua. Tulilala bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, na sasa ni mwaka wa ishirini na tano anafanya kazi ya uuguzi mjini humo. Ameniomba nisimtaje jina, maana anasema humu ukumbini bado kuna watu wanaomdai sukari.

Kwanza niseme habari ya baridi, kwa kuwa vijana mtaniuliza. Berlin iko nyuzi 52 kaskazini ya Ikweta. Mwanzoni mwa Januari jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi, na saa kumi jioni linatua. Mtalii ana mchana wa saa nane tu, na mchana wenyewe ni wa rangi ya majivu. Njia za waendao kwa miguu humwagiwa kokoto ndogo ili watu wasiteleze. Rafiki yangu alinifundisha kutembea kama bata: hatua fupi, wayo wote chini, na mikono nje ya mifuko, maana ateleazye na mikono mfukoni hana cha kujishikia. Alinivika fulana mbili, sweta, koti lake la akiba na soksi za sufu jozi mbili. "Bwana wee," akaniambia, "baridi ya hapa haina adabu, haipigi hodi."

Nikamwuliza tunaanzia wapi, maana kila mgeni wa Berlin hukimbilia Lango la Brandenburg apige picha. Akajibu, "Lango tutalifikia jioni. Leo nataka nikuonyeshe Berlin inayotuhusu sisi."

Tulianzia mtaani kwake, Wedding. Hapo kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi kiitwacho Afrikanische Straße, yaani Barabara ya Afrika, na ukizungukazunguka utasoma vibao vya Ugandastraße, Sansibarstraße na Usambarastraße. Majina ya namna hiyo yalianza kutolewa mwaka 1899, Ujerumani ilipokuwa na makoloni na kujivunia. Mwaka 1939, wakati wa utawala wa Hitler, barabara moja hapo ilipewa jina la Carl Peters, yule aliyekuja Usagara mwishoni mwa mwaka 1884 kuwatia machifu sahihi kwenye makaratasi. Ukatili wake kule Kilimanjaro ulikuwa mkubwa hata serikali ya Kaizari yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Watu walipoanza kulalamika, wakubwa wa mji mwaka 1986 walitangaza kwamba kuanzia siku hiyo jina lile ni la Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyempinga Hitler. Kibao kikabaki kilekile! Lakini wenyeji, pamoja na Waafrika waishio pale, hawakunyamaza. Agosti 2024 jina la Peters liliondolewa. Sehemu moja ya barabara sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Sehemu ya pili ni Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao hicho, theluji ikinidondokea begani. Sisi watu wa Kusini tunajua maana ya maneno hayo mawili. Rafiki yangu akaniambia kwamba upande mwingine wa mji, Neukölln, palikuwa na mtaa wa Hermann Wissmann, aliyeongoza majeshi dhidi ya Abushiri pwani yetu, na kwamba tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Ndiyo, Lucy Lameck wetu.

Kutoka hapo tulipanda treni hadi Jumba la Makumbusho ya Viumbe na Mambo ya Asili, barabara ya Invalidenstraße. Ukiingia tu ukumbi wa kwanza, unamkuta amesimama mwenyeji wenu wa Lindi. Nasema mjusi mkubwa wa Tendaguru, aina ya dinosaria ambaye wataalamu humwita Giraffatitan brancai. Kimo chake ni mita 13.27. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani iliyo mirefu kwenda juu kupita hiyo. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kichwa na sehemu kubwa ya uti wa mgongo mnavyoviona pale ni mifano iliyofinyangwa, kwa kuwa vyenyewe havifai kutundikwa, lakini miguu ile mnene kama mibuyu ni mifupa ya kweli iliyotoka katika udongo wetu.

Sasa sikilizeni vizuri, vijana. Mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, ndio walioongoza msafara, na majina yao yamo vitabuni. Lakini walioshika majembe walikuwa mamia ya watu wa huku, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na njaa iliyofuata ilikuwa imefagia vijiji. Watu waliotoka katika maafa hayo ndio waliochimba, wakafunga mifupa kwa mianzi, wakaitwika vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Huko Berlin mafundi walihangaika miaka mingi kuunganisha, na mjusi huyu alisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937.

Tulipokuwa pale liliingia darasa la watoto wa Kijerumani, wenye umri wa miaka minane au tisa, mashavu mekundu kwa baridi. Mwalimu wao akawauliza mnyama huyu ametoka wapi. Mikono kama kumi ikanyanyuka, na binti mmoja mdogo akajibu kwa sauti, "Tendaguru!" Rafiki yangu akanitafsiria swali, lakini jibu halikuhitaji tafsiri. Mimi na yeye tukatazamana. Kutoka shuleni hapa hadi Tendaguru ni mwendo wa siku moja kwa gari. Leo asubuhi, kabla ya mkutano, nimewauliza wanafunzi sita niliowakuta bombani ni wangapi wamefika huko. Hakuna hata mmoja. Sisemi haya kuwaaibisha, maana hakuna aliyewapeleka.

Tulikunywa supu ya dengu katika mkahawa wa Waturuki, tukaota moto kidogo, kisha tukashika njia kwa miguu kuelekea Brunnenstraße. Tulipita karibu na mahali ambapo pamehifadhiwa kipande cha ule ukuta uliogawanya mji tangu Agosti 13, 1961 hadi Novemba 9, 1989. Watalii walikuwa wengi. Lakini rafiki yangu hakusimama. Alinipeleka mpaka mbele ya nyumba namba 193, akainama, akavua glavu, akaanza kufuta theluji kwa kiganja kitupu.

Chini ya theluji kulikuwa na kijibamba cha shaba nyeupe, urefu wa sentimeta kumi kila upande, kilichopachikwa katikati ya mawe ya njia. Huko Ujerumani vijibamba hivyo huwekwa mbele ya nyumba walimoishi watu waliouawa na utawala wa Hitler. Hiki kiliwekwa mwaka 2007, na jina lililomo ni Bayume Mohamed Husen.

Huyu alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja alipigana upande wa Wajerumani angali mtoto, pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya vita ambayo yeye na babaye hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wageni hotelini, akacheza katika filamu, na akawa anafundisha lugha yetu ya Kiswahili chuo kikuu. Alioa, akapata watoto. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya mji. Alifia humo Novemba 24, 1944.

Rafiki yangu aliposimama, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Hakutoa maelezo marefu. Alisema tu, "Shikamoo, Mzee Husen." Mimi nami nikasema vivyo hivyo. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake alisimama, akatutazama, akavua kofia, akaenda zake.

Tukiwa ndani ya treni nilimwuliza rafiki yangu huja pale mara ngapi. Akasema kila Novemba, na kila akipata mgeni kutoka nyumbani. "Mtu akifia ugenini," alisema, "angalau asikie salamu kwa lugha yake."

Lango la Brandenburg tulilifikia saa tisa na nusu. Ni zuri, sikatai. Lilimalizika kujengwa mwaka 1791, na tulipiga picha kama watu wengine. Kisha tukatembea dakika kama kumi hadi Wilhelmstraße namba 92. Leo hapo pana majumba ya kawaida ya kupanga, watu wanarudi na vikapu vya sokoni. Kuna kibao tu cha maelezo kando ya njia. Lakini hapo ndipo palipokuwa na jumba la Bismarck ambamo wajumbe wa nchi 14 walikaa kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885, wakizungumza habari za Afrika bila Mwafrika hata mmoja mezani.

Shuleni tuliambiwa kwamba pale ndipo bara letu lilipokatwa kwa rula. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mkutano ulitunga kanuni za biashara katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kufuata kwa taifa linalotaka kumiliki pwani ya Afrika. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, wawili wawili, kama ule mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Lakini siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, yaani Februari 27, 1885, Kaizari alitia sahihi hati ya kuyalinda makaratasi ya Carl Peters. Kwa hiyo njia yetu ya siku ile ilikuwa imekamilika. Asubuhi tuliona jina la Peters likiwa limeng'olewa, na jioni tukasimama katika mji na mtaa ambamo nguvu zake zilianzia. Giza lilikuwa limeshaingia, na ilikuwa saa kumi na nusu tu.

Ndugu zangu, jambo moja nililoahidi ni hili. Katika mji ule nilipita na wageni wa mataifa mengi. Wote walikuwa na macho kama yangu. Lakini kijibamba cha Brunnenstraße walikikanyaga, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kilichomo. Tembea uone, wazee walisema, lakini mtu huona zaidi akiondoka kwao na cha kuulizia. Ninyi vijana mtasafiri kuliko sisi. Mtafika Berlin, London, Muscat na Chicago. Mkifika bila kujua habari za kwenu, mtaonyeshwa majumba makubwa, na mtarudi na picha.

Tena kuna deni. Majina ya wale walioibeba mifupa hayakuandikwa pale ukumbini, isipokuwa machache kama la Boheti bin Amrani. Kama yamebaki, yamebaki vijijini kwetu, vinywani mwa wajukuu na vitukuu vyao, nao wanazeeka. Yapo mabishano kama mjusi arudishwe au abaki. Mabishano hayo ni ya haki na yaendelee. Lakini kukusanya majina hakungoji uamuzi wa serikali yoyote. Kunahitaji daftari, kalamu na kijana mwenye heshima anayejua kukaa mkekani akamsikiliza babu.

Kwa hiyo natoa hoja mbili, Ndugu Mwenyekiti. Kwanza, kuanzia mwaka huu Chama chetu kiwapeleke Kidato cha Tatu Tendaguru kila mwaka. Mafuta ya gari ya safari ya kwanza nitayalipa mimi. Pili, wanafunzi watakaokwenda wapewe kazi ya kuandika majina na habari watakazosimuliwa, na daftari hilo liwekwe maktaba ya shule, nakala moja apelekewe rafiki yetu kule Berlin. Yeye anajua pa kuisoma.

Pilau naisikia harufu.