PUMZI YA MWANZO YA MTOTO MCHANGA





Mwaka 1963 madaktari wa Glasgow, Skotlandi, wakiongozwa na Profesa James Hutchison, walitangaza njia mpya ya kuwaokoa watoto wanaozaliwa bila ya kupumua. Mtoto alitiwa katika chumba kilichofungwa, kikajazwa oksijeni kwa mgandamizo mkubwa kuliko wa hewa ya kawaida.

Tarehe 7 Agosti mwaka huo huo, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto, Patrick, aliyezaliwa kabla ya wakati, mapafu yake hayajapevuka. Huko Boston alitiwa katika chumba cha aina hiyo, na tarehe 9 Agosti akafariki.

Mgandamizo huyeyusha oksijeni nyingi katika damu, na kwa hiyo huwafaa wapiga mbizi waliodhurika. Lakini mtoto asiyepumua anahitaji kwanza mapafu yake yafunguke. Mwaka 1966 madaktari wale wale wa Glasgow walikilinganisha chumba hicho na kumpulizia mtoto hewa kwa mpira uliopitishwa kooni, wala chumba hakikuonekana kushinda. Aidha, oksijeni ikizidi huweza kuharibu macho ya mtoto njiti.

Funzo hilo linazihusu zaidi sehemu zilizo mbali na hospitali kubwa, kama kata ya Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Mama anayejifungua huko, sawa na mwenziwe wa Micheweni, Pemba, anahitaji mkunga aliyefunzwa, kitambaa kikavu, na mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa ndogo. Mtoto hukaushwa na kusuguliwa mgongo; asipopumua, hupuliziwa hewa kabla ya dakika moja kupita.

Faida yake imethibitika. Katika hospitali 8 za Tanzania ambazo wakunga wake walifunzwa kazi hiyo kuanzia mwaka 2009, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2013.

Hivyo basi, wananchi wanaombwa kuhakikisha kwamba kila mama mjamzito anajifungulia kituoni. Wasimamizi wa vituo nao wanakumbushwa kuuweka mfuko huo karibu na kitanda cha uzazi, ukiwa mzima na safi. Kifaa kilichofungiwa kabatini hakimfai mtoto mwenye dakika moja tu ya kusubiri.