Tuwalinde vijana wetu kwenye simu

Vita vilitutoa makwetu, na sasa mharibifu anaingia kwa njia ya simu. Anajua shida zetu: anamwahidi kijana kazi au masomo ng'ambo, kisha anaomba picha ya utupu. Akiipata anatisha: "Lipa, ama naisambaza." Mpaka haumzuii. Sheria ya Kongo namba 09/001 ya 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Basi mtoto akisema, tusimpige wala tusimfukuze. Asilipe kitu. Tusifute ujumbe, ndio ushahidi; picha tusiionyeshe jirani. Tumsindikize kwa polisi ya ulinzi wa watoto. Aibu ni ya mkosaji, si ya mtoto.