Viatu vya theluji kwenye tope la Bondo

Mnunuzi wa gari kutoka Japani huwa na macho ya haraka. Hutazama kilomita, rangi, kiti cha dereva, kisha anawasha redio. Matairi huyaona mwisho, na yakiwa manene yenye makucha marefu, anachekelea kimoyomoyo: hayo ameyapata bure.

Huenda bure hiyo ikamgharimu. Katika Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, theluji hulala barabarani kwa miezi, na baridi ikikaribia wenye magari hubadilisha matairi. Gari likiuzwa wakati huo hupanda meli na viatu vyake vya theluji, likateremkia Mombasa, likaishia Bondo, mji wa magharibi mwa Kenya ulio karibu kabisa na ikweta.

Kuyatambua si kazi. Ubavuni huandikwa STUDLESS, au huchorwa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Usoni pana mikato myembamba isiyohesabika, kama iliyopitishwa wembe. Ukiubonyeza mpira kwa ukucha, unadidimia mithili ya kifutio cha penseli.

Ulaini huo ni wa makusudi. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa kawaida hukakamaa na kupoteza mshiko, ilhali huu hubaki mlaini. Mchana wa Bondo hukaribia nyuzi 30, na lami yenyewe huwa moto zaidi. Hapo mpira wa theluji huliwa upesi, na dereva akikanyaga breki gari hukawia kusimama, hasa lami ikiwa imelowa.

Na kulowa ndiko kipupwe cha Bondo. Mvua za masika hushika Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo yenye hila: vumbi na mafuta yaliyoganda juu ya lami huchanganyika na maji, barabara ikateleza kama sahani isiyooshwa vizuri. Baadaye maji yakituama, kazi ya mifereji ya tairi ni kuyasukuma pembeni. Tairi likiwa kipara, maji hayana pa kwenda, gari linaelea juu yake na usukani unakuwa pambo. Ulaya kina cha mifereji kikipungua hadi chini ya milimita 1.6, tairi haliruhusiwi tena barabarani. Barabara ya Kisian kwenda Bondo na Usenge inapitiwa na magari ya abiria aina ya Probox ambayo huondoka yakijaa, na kujaa kwenyewe hakuna mwisho. Uzito huo wote umesimama juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja upana wa kiganja.

Umri nao husomeka ubavuni. Tarakimu nne, tuseme 2319, maana yake tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kulipaka rangi nyeusi likang'aa, ila namba haidanganyi.

Kinachoshangaza zaidi kimo ndani ya boneti. Gari hilohilo huja na maji ya rangi kwenye rejeta, yaliyotiwa huko ili yasigande. Mtu wa Bondo husema hapa hakuna barafu, basi yanamwagwa na kutiwa ya mfereji. Kumbe dawa iliyomo kwenye maji hayo ya rangi pia huzuia kutu na hufanya maji yachelewe kuchemka, yaani ndiyo hasa inayotakiwa kwenye joto. Cha kutolewa kimeachwa, cha kuachwa kimetolewa.

Waipa nazo zina kisa chao. Jua la Januari na Februari huukausha mpira wake hadi ukapasuka, na mwenye gari hana habari mpaka jioni mvua ya mawe inaposhuka kutoka Ziwa Victoria, taa za lori ziko mbele yake na kioo kimepakwa tope kutoka kona hadi kona.

Lipo lakini ambalo matengenezo hayatibu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, Kaunti ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa. Maji yaendayo kasi yakifika sentimita 30 yanaweza kuliinua gari dogo. Yakifika 60 hubeba hata yale makubwa ambayo wenyewe huyaamini mno. Pale hakuna tairi linalookoa, liwe la theluji au la tope.

Fundi wa matairi akishamshawishi mteja, huyang'oa yale ya Hokkaido na kuyaegemeza ukutani pa kibanda. Jua halijazama, dereva mwingine anasimama, anayagonga kwa ncha ya kiatu, anasifu makucha yake, anauliza bei.