Majani Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Msikilizaji, kila mwaka nyasi zinapokauka mkoani Dodoma, bei ya ng'ombe mnadani hushuka. Mfugaji anataka fedha ya kununulia mahindi, ng'ombe wake amebaki mbavu, na mnunuzi anajua fika kwamba mwenye mali hana pa kumrudisha. Hapo ndipo huingia mgeni: mtumishi wa umma, mwenye duka, au mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake juzi. Anashuka kwenye gari, ananunua ng'ombe 10 kwa mkupuo, na kurudi nyumbani akijisifu kwamba kawapata kwa bei ya chee. Swali langu kwake leo ni moja. Hao ng'ombe 10, kesho asubuhi watakula nini?

Bei ilishuka kwa sababu majani yamekwisha. Aliyeuza amejitua mzigo, na aliyenunua amejitwika. Ikifika mwezi wa kumi na moja mvua haijanyesha, wale ng'ombe wa bei ya chee wanaanza kulala chini na kushindwa kusimama, na mwenyewe anaanza kutafuta mchawi.

Tupige hesabu. Katika nyika za Kongwa na Mpwapwa, ambako mvua ni kama milimita 500 kwa mwaka na hunyesha msimu mmoja tu, ng'ombe mmoja mzima anahitaji hekta 3 au zaidi za malisho ya asili. Ng'ombe 10 wanataka hekta 30, yaani ekari zaidi ya 70. Wengi wanaoanza wana ekari 10, wakijitahidi sana 20. Eneo hilo haliwatoshi, hata ukimwajiri mchungaji hodari kuliko wote wilayani.

Na Kongwa ina historia ya kuwafundisha watu hesabu hii kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi mkubwa wa karanga. Walileta matingatinga, wakang'oa vichaka, wakajenga hadi reli. Mvua ikawa haba, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuvunja majembe ya trekta, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Sehemu ya ardhi ile leo ni Ranchi ya Taifa ya Kongwa, yenye ng'ombe aina ya Boran. Ardhi haikuwa mbovu. Ilikuwa ardhi ya nyasi, na wenye mradi walileta mitambo kabla ya kuiuliza inaweza nini. Anayenunua ng'ombe kabla ya kuhesabu majani anafuata nyayo zao.

Najua wapo watakaoniuliza: mbona Mgogo, Mmaasai na Msukuma wanafuga mamia katika nyika hiyo hiyo? Ni kweli, na hawakubahatisha. Mfugaji wa asili anaishi kwa kuhama. Majani yakiisha huku, anaswaga kwenda kule. Ng'ombe wengine amewaweka kwa ndugu na marafiki wilaya ya pili, ili ukame ukipiga upande mmoja asifilisike. Wingi wa mifugo ndiyo bima yake. Na hata hivyo, ukame wa mwaka 2021 kuelekea 2022 uliua ng'ombe kwa maelfu huko Simanjiro na Longido. Basi wewe mwenye ekari 20 na uzio wa seng'enge, usiyeweza kuhama kwenda popote, ukiiga wingi wa Mmaasai bila miguu ya Mmaasai, umeiga hasara yake peke yake.

Sasa anayeanza afanye nini? Njia ni mbili: kuzalisha au kunenepesha.

Kuzalisha ni kununua mitamba, kungoja wapandwe, wazae, ndama wakue. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9. Mtamba wa asili mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 hadi 4, na ndama wake naye anahitaji miaka kama hiyo kufikia uzito wa machinjioni. Fedha utakayoiona ya kwanza iko mbali sana, na katikati yake kuna viangazi kadhaa vya kuvuka. Kunenepesha ni kununua madume waliokonda kwa njaa, kuwalisha vizuri kwa siku 90, kisha kuwauza. Hukumu yangu ni kwamba mgeni aanze na kunenepesha, aanze na madume 5, na asiguse mtamba mpaka awe amevuka kiangazi angalau kimoja bila kununua majani kwa jirani.

Siri ya kunenepesha iko katika mwili wa ng'ombe mwenyewe. Dume mchanga aliyedumazwa na njaa, mwenye mifupa mirefu na kifua kipana, akipata chakula hufidia haraka kile alichokosa. Lakini aliyekonda kwa ugonjwa hafidii kitu. Kwa hiyo mnadani tazama macho yawe angavu, manyoya yalale, pua iwe na unyevu, asikohoe. Mfungue mdomo. Mwenye meno mawili makubwa ya mbele ana umri wa miaka 2 na kidogo, huyo bado anakua. Mwenye meno manane ameshakomaa, na sehemu kubwa ya chakula chako itageuka mafuta.

Tukija kwenye chakula, dume wa kilo 250 hula kama kilo 7 za chakula kikavu kwa siku. Madume 5 kwa siku 90 ni tani 3 na ushee. Tani hizo ziwepo bandani kabla madume hawajaja. Nusu yake inaweza kuwa hei, yaani nyasi kavu, na mabua. Hei hukatwa nyasi zinapoanza kutoa maua, mwezi wa tatu hadi wa nne, wakati bado zina lishe, na hufungwa kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala mfuniko. Kwa robota la kilo 15, unahitaji marobota zaidi ya 100. Kama una eneo, panda nyasi za kudumu. Kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI pale Kongwa kinashughulika na malisho yanayostahimili ukame, na afisa mifugo wa kata yako atakuelekeza.

Nusu ya pili ni pumba na mashudu. Dodoma tumejaliwa: pumba za mahindi zipo Kibaigwa, mashudu ya alizeti yapo kwa wakamua mafuta kuanzia hapa hadi Singida. Wa Shinyanga na Simiyu wana mashudu ya pamba. Ongeza chumvi, na maji safi muda wote, kwa maana ng'ombe mmoja huweza kunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, na asiyekunywa hali. Pumba anza kidogo, uongeze taratibu kwa wiki mbili. Ukimmwagia ndoo nzima siku ya kwanza, tumbo litajaa tindikali na utampoteza. Pumba zenye ukungu usimpe kabisa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mifugo nayo hudhurika.

Kuhusu magonjwa nitasema machache. Ng'ombe wapya watenge kwa wiki 3 kabla ya kuwachanganya na wengine, kwa kuwa homa ya mapafu huambukizwa kwa pumzi. Waogeshe dawa ya kupe, maana kupe ndiye anayeleta ndigana kali na mkojo mwekundu. Chanjo umwachie mtaalamu. Na ukimchoma ng'ombe sindano ya antibiotiki, subiri siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe ndipo umuuze, kwa sababu nyama ile italiwa na watoto wa watu, pengine na wako. Usisafirishe mnyama bila kibali. Kibali kile ndicho kinachozuia ugonjwa wa wilaya moja kuingia nyingine.

Tarehe ya kuuza panga siku ile ile unayonunua. Ukinunua katikati ya mwezi wa tisa, bei ikiwa chini, siku 90 zinakufikisha katikati ya Desemba, wakati Krismasi inakaribia na machinjio ya Kizota hapa Dodoma na ya Dar es Salaam yanatafuta ng'ombe mnene ambaye huko vijijini hayupo. Ukichelewa hadi mwezi wa nne, majani yameota kila mahali, kila mtu ana ng'ombe mnene, na jasho lako halina tofauti na mvua ya bure. Faida ya ng'ombe wa nyama iko kwa mwenye chakula wakati wenzake hawana.

Dume akiongezeka kilo 0.7 kwa siku, siku 90 zinampa kilo 63. Utazijuaje kama hukumpima? Minada yetu mingi bado inauza kwa jicho, na jicho la dalali halijawahi kumpendelea muuzaji. Nunua utepe wa kupimia mzunguko wa kifua, umpime siku ya kwanza na kila baada ya wiki 2, uandike. Andika na kila gunia la pumba, kila dawa, mshahara wa mchungaji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dume aliyekula chakula cha shilingi laki tatu akaongeza thamani ya laki mbili, hajakupa faida, hata kama mnadani walimsifia nundu.

Na kwa halmashauri zetu nina neno. Mnatoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Wekeni mizani kila mnada, iwe nzima, na itumike. Mkulima wa pamba hupimiwa, wa korosho hupimiwa, mfugaji naye apimiwe.

Nawe msikilizaji unayetaka kuanza, usikimbilie mnadani mwaka huu. Mvua zikinyesha, kata nyasi, funga marobota, yahesabu. Yakifika 100, na pumba zikiwa stoo, nenda ukanunue madume 5. Yasipofika, nunua 2.