Karibu Tena Pwani: Mgeni Aliyeogopa Huitwa kwa Tarehe



Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa dharura, kampuni mbili za utalii za huko ziliwatoa wateja wao hotelini kwa mamia, zikawarudisha kwao, kisha zikafuta safari hadi Oktoba. Mwezi uliofuata ukaja msiba wa shambulio la kigaidi la Mpeketoni, kaunti ya Lamu, na baadaye Lamu ikawekewa kafyu. Hoteli kadhaa zikafunga, mpishi akarudi shambani, nahodha akapandisha mashua mchangani. Watalii walioingia Kenya 2011 walikuwa takriban milioni 1.8. Mwaka 2015 hawakufika milioni 1.2.

Tulizoea kujibu mambo kama haya kwa mabango: mchanga mweupe, mnazi umeinamia maji, mzungu kajilaza. Mimi bango hilo silikubali. Mtu wa Manchester hakuacha kuja kwa kuwa amesahau bahari yetu. Aliogopa, na bima nyingi za safari hazimlipi aliyepuuza onyo la serikali yake. Mnazi haujibu hofu wala bima. Kilichofungua mlango ni Uingereza kulegeza onyo hilo kwa sehemu kubwa ya pwani, Juni 2015, kisha mwanzoni mwa 2016 serikali yetu kuondoa ada ya viza kwa watoto walio chini ya miaka 16 na kuzisamehe ndege za kukodi ada za kutua Mombasa. Mzazi wa watoto watatu aliliona jambo hilo mara moja alipopiga hesabu.

Mlango ukishafunguliwa ndipo ubunifu una kazi, na hapa Lamu, kwa tamasha lake la utamaduni, inatushinda sote. Bango husema njoo. Tamasha husema njoo Novemba. Mwenye tarehe huomba likizo, hukata tiketi, humshawishi na rafiki. Tena Lamu haikubuni kitu kwa ajili ya mgeni. Punda ndio wabebaji wa mji ule, wanapita na mawe na saruji kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Siku ya mashindano ya punda katika tamasha hilo, vijana wanawapanda bila tandiko, wanatimua mbio kando ya bahari, umati ukipiga vigelegele. Na punda akigoma katikati ya njia, basi, hakuna wa kumlazimisha. Hapo mgeni anapiga picha na kuituma kwao papo hapo. Picha hiyo inamwambia ndugu yake kwamba watu wako nje, watoto wanacheka, jua linazama na hakuna anayekimbilia ndani. Lakini tangazo linalorudia neno “salama” mara tatu humfanya msomaji aulize kuna nini.

Tusimsahau mgeni wa ndani. Wazungu walipotoweka, familia za Nairobi ndizo zilizozipa hoteli nyingi pumzi, na treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilipoanza 2017 wakaongezeka. Hata hivyo, bado wapo wenye hoteli wanaomkumbuka mgeni huyo msimu ukiharibika tu.

Ombi langu kwa kaunti zetu za pwani ni moja: kalenda ya pamoja ya matamasha, kuanzia Maulidi ya Lamu hadi mashindano ya mashua, itangazwe mwaka mzima kabla, na tarehe zikishatangazwa zisibadilishwe.