Msoma Nyayo: Mwindaji wa Swala Asiyeandikwa

Utangulizi

Mjadala wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa, simba na tembo ndio hutangulia. Lakini katika vitalu vya uwindaji vya nyika za Tanzania, wageni hutumia siku nyingi wakiwafuata swala pala, kongoni, pofu, palahala, choroa na tandala. Mada hii haikusudii kuamua kama uwindaji huo uendelee au ukome. Inamhusu mtu anayetembea mbele ya bunduki: msoma nyayo, au traka kama anavyoitwa kambini. Hoja ya mada ni kwamba ujuzi wa mtu huyo ndio uwindaji wenyewe, na kwamba ujuzi huo unapotea kwa sababu hauandikwi wala hautahiniwi.

Kazi yenyewe

Umande haujakauka, gari limesimama, watu wamekwisha kushuka. Msoma nyayo anatoa kifuko cha kitambaa chenye majivu na kukitikisa mara moja. Majivu yakielea kuelekea liliko kundi, msafara mzima unazunguka upande wa pili, hata kama ni mwendo wa nusu saa, kwa kuwa swala pala mmoja akinusa mtu hukoroma na wenzake wote hutimka.

Kisha anainama. Unyayo wa swala pala ni kwato mbili nyembamba zilizochongoka mbele. Wa pofu ni mpana, wa mviringo, unakaribia kufanana na wa ng'ombe. Kingo zikiwa kali, mnyama amepita punde. Zikiwa zimemomonyoka, na wadudu wa usiku wamekwisha kukatiza juu yake, huyo ni wa jana. Kinyesi hubonyezwa kwa kidole kupima unyevu. Yote haya huchukua muda mfupi, bila neno.

Ugumu wa pili ni kuchagua. Kwa swala pala na tandala, pembe ni za dume peke yake. Kwa kongoni, pofu, palahala na choroa, majike nayo yana pembe, tena za choroa jike mara nyingi ni ndefu kuliko za dume. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kuwinda mnyama mchanga, na vilevile jike mwenye mimba au anayefuatana na mtoto. Mgeni aliyetua juzi, anayelenga katika jua la saa nne, si rahisi aone tofauti hiyo. Mwindaji bingwa aliye naye huiona, na mara nyingi wa kwanza kunong'ona "huyo jike, ngoja" ni msoma nyayo.

Risasi ikienda vibaya, mzigo wote humwangukia yeye. Damu nyepesi yenye povu la waridi inaonyesha mapafu, na mnyama hatafika mbali. Damu nzito iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa inaonyesha tumbo. Hapo husubiriwa kwanza, maana mnyama akikurupushwa mapema atakimbia mpaka apotelee vichakani, afe kwa mateso na nyama ioze. Kambi zenye Waislamu zina haraka nyingine: kumwahi mnyama kwa kisu angali hai, ili nyama iwe halali kwa wote.

Majina yaliyopotea

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alitua Mombasa na mwanawe Kermit. Katika safari hiyo wawili hao waliua wanyama 512, na orodha kamili ikachapishwa, spishi kwa spishi. Watu wa mbele ya bunduki hawakupewa orodha ya namna hiyo.

Mwandishi Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934, akaongozwa na mwindaji bingwa Philip Percival. Kitabu chake cha 1935, Green Hills of Africa, kimejengwa juu ya msako wa tandala mkubwa. M'Cola, mbeba bunduki wake, anatajwa kwa jina. Wenyeji wawili waliomwongoza porini wamebaki kwa majina ya utani aliyowabandika mwenyewe: Droopy na Garrick.

Elimu isiyo na cheti

Kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe hurusha mshale wenye sumu, kisha hawamkimbilii mnyama. Hurudi kambini, wakaacha sumu ifanye kazi, na baadaye huufuata mkondo wa nyayo mpaka alipoanguka. Kule Kalahari, mtafiti Louis Liebenberg aliwafuata wawindaji Wasan waliokuwa wakimkimbiza tandala mchana kweupe hadi mnyama akaishiwa nguvu. Katika kitabu chake cha 1990 alieleza kuwa kusoma nyayo ni kukisia, kupima na kusahihisha kisio, yaani njia ileile ya sayansi. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa CyberTracker, programu ya picha inayomwezesha msoma nyayo asiyejua kusoma maandishi kurekodi alichokiona, na pamoja nayo utaratibu wa kuwatahini na kuwapa vyeti.

Mapendekezo

Kwanza, Mweka na Pasiansi, vyuo vinavyofundisha watumishi wa wanyamapori, viweke mtihani wa nyayo unaofanyika porini, kwa mdomo na kwa Kiswahili, ili mzee asiye na cheti cha shule aweze kuufanya.

Pili, wazee waliotumikia vitalu warekodiwe wangali hai: majina ya wanyama kwa lugha zao, alama za udongo, tabia za kila kundi kwa kila msimu.

Tatu, kila mnyama anapoangushwa, taarifa ya kambi iandike jina la msoma nyayo kando ya jina la aliyefyatua risasi. Akija kuomba kazi kitalu kingine, au akiitwa kufundisha vijana wa kijiji chake, awe na ukurasa wa kuonyesha: tandala huyu, tarehe hii, nyayo zilisomwa na fulani.